Baki ya Hamsini na Tisa

Kila asubuhi kabla ya kengele, Esnath Mwakasege alifagia darasa la sita pamoja na rafiki yake Sekela. Mmoja alifagia kutoka mlangoni, mwingine kutoka ubaoni, wakakutana katikati. Shule yao ilikuwa mtaani Msasani, mjini Tukuyu, na asubuhi nyingi ukungu ulishuka kutoka Mlima Rungwe ukaingia hadi ndani ya darasa, maana madirisha hayakuwa na vioo. Watoto walisoma wakiwa na masweta ya mitumba juu ya sare, kila mmoja rangi yake. Miaka hiyo maduka ya mji yalikuwa yameanza kujaa tena baada ya muda mrefu wa rafu tupu. Sabuni ilipatikana bila foleni. Hata video ilikuwa imefika.

Mwalimu wao wa hisabati aliitwa Nsajigwa. Alikuwa mrefu, mkali, na koti lake lilikuwa jeupe mifukoni kwa vumbi la chaki. Siku moja ya Ijumaa aliingia na habari.

"Wilaya imetangaza mashindano ya hisabati," alisema. "Kila shule ipeleke namba moja kubwa kuliko elfu thelathini, na wanafunzi waeleze mbele ya watu ajabu ya namba hiyo. Shule nyingine zina ruhusa ya kuuliza, na zikiweza, kukuvunja kwa kuonyesha kosa lako. Ukivunjwa umetoka. Sisi tutapeleka namba tasa."

Aliwageukia wanafunzi. "Namba tasa ni ipi? Sekela!"

"Ni namba isiyogawanyika, Mwalimu, ila kwa moja na kwa yenyewe."

"Basi tazameni."

Aliandika ubaoni: mbili mara tatu, ongeza moja, ni 7. Saba ni tasa. Akaongeza tano kwenye kuzidisha: mbili mara tatu mara tano, ongeza moja, ni 31. Tasa. Akaongeza saba, akapata 211. Akaongeza kumi na moja, akapata 2311. Zote mbili tasa.

"Mnaona? Unazidisha namba tasa kwa mpangilio wake, unaongeza moja, unapata tasa nyingine. Sasa tuongeze kumi na tatu."

Walizidisha wote kwa sauti. Ikatoka 30030. Mwalimu akaongeza moja, akapiga mstari chini kwa nguvu hadi chaki ikakatika.

30031.

"Hii ndiyo yetu," alisema. "Lakini kusema ni tasa haitoshi. Lazima tuijaribu. Hatuna haja ya kwenda mbali. 173 mara 173 ni 29929. Namba tasa inayofuata ni 179, nayo ukiizidisha kwa yenyewe unavuka 30031. Kwa hiyo kama namba hii inagawanyika, lazima kigawo chake kimoja kisizidi 173. Na kuanzia mbili hadi 173 ziko namba tasa arobaini tu. Tukizijaribu zote arobaini na kila moja ikaacha baki, tumemaliza."

Kumi za kwanza walizijaribu darasa zima ubaoni, na kila moja iliacha baki. Thelathini zilizobaki Mwalimu aliwagawia wanafunzi watatu waliokuwa wakiongoza: Esnath, Ackson na Sekela. Aligawa kama kwao walivyogawa shamba siku ya kulima kwa pamoja.

"Kila mtu na ngwe yake," alisema. "Esnath, 31 hadi 71. Ackson, 73 hadi 113. Sekela, 127 hadi 173. Jumatatu nataka baki zote. Na mnajua taratibu za ngwe. Huingii katika ngwe ya mwenzako kama hajakuita. Kuingia bila kuitwa ni kumwambia yeye mvivu."

Watoto walicheka. Wote walikuwa wamelima na wazazi wao na waliijua taratibu hiyo.

Jumamosi Esnath alikaa kwenye kigoda nyuma ya jikoni akaanza ngwe yake. Thelathini na moja iliacha baki 23. Thelathini na saba, baki 24. Alifanya kazi vizuri, akipima kila hesabu mara mbili. Alipofika 53 na kupata baki 33, alisikia sauti ya Lulu, binti wa Mzee Sadalla mwenye duka.

"We Esnath! Video inaanza! Leo wanapigana juu ya paa la treni, nimesimuliwa."

"Zimebaki nne tu, nisubiri."

"Nne zako zitakuwepo hata kesho. Treni haisubiri."

Esnath alifunga daftari akaenda. Sitasema alilazimishwa. Alikwenda kwa miguu yake. Jumapili ilikuwa kanisa, kisha kuteka maji, kisha usingizi. Jumatatu alikumbuka ufagio ukiwa mkononi, na kengele ilikuwa karibu kulia. Alifungua daftari juu ya ukingo wa dirisha akaandika haraka: 59, baki 12. 61, baki 40. 67, baki 8. 71, baki 26. Alizitoa kichwani, kama mtu anavyookota kuni. Alihakikisha tu kwamba kila baki ni ndogo kuliko namba yake, ili ifanane na kweli.

Mwalimu Nsajigwa alipitisha macho kwenye madaftari matatu. Arobaini zote zilikuwa na baki. Akasaini kwa wino mwekundu.

"Tasa!" alitangaza, na darasa likapiga makofi.

Siku ileile Ackson aliichora 30031 ukutani kwa chokaa, juu ya ubao, kila tarakimu kubwa kama sahani. Watoto wa madarasa ya chini walianza kuiimba wakiruka kamba: "Thelathini elfu na thelathini na moja, haigawanyiki, haigawanyiki!" Esnath naye aliimba. Wakati huo hakuwa na wasiwasi. Alijiambia kwamba kama thelathini na sita zimekataa, nne haziwezi kuwa na neno.

Jumatano, siku tatu kabla ya mashindano, Mwalimu aliwaita wale watatu.

"Jukwaani mtu anaweza kumwambia yeyote kati yenu, gawanya kwa namba fulani tuone. Kila mmoja aishike ngwe yake kichwani."

Esnath alirudi nyumbani, akakaa kwenye kigoda kilekile, na kwa mara ya kwanza akagawanya kwa hamsini na tisa. Mia tatu, inaingia mara tano, inabaki tano. Shusha tatu, hamsini na tatu. Haiingii, andika sifuri. Shusha moja, mia tano thelathini na moja. Inaingia mara tisa. Tisa mara hamsini na tisa ni mia tano thelathini na moja.

Inabaki sifuri.

Alifuta akarudia. Sifuri. Aligeuza akazidisha 59 kwa 509, akapata 30031 yenyewe. Alikuwa ameiacha kazi kwenye 53, na namba iliyofuata, ileile aliyoiruka kwenda kutazama treni, ndiyo iliyovunja kila kitu.

"Mbona umekodoa macho hivyo?" mama yake, Veronika, aliuliza huku akimenya ndizi. "Hesabu imekuuma?"

"Hapana, mama. Nimechoka."

"Basi njoo umenye. Ndizi hazina hesabu."

Esnath alimenya ndizi. Alifikiri kumwambia Mwalimu, akaona saini nyekundu. Alifikiri kumwambia Sekela, akaona Sekela akimtazama. Alifikiri kunyamaza, akaona ukumbi umejaa watu na mtoto wa shule nyingine akinyoosha mkono. Popote alipogeukia kulikuwa na ukuta, na juu ya kila ukuta ile namba ya chokaa.

Alhamisi mambo yalizidi kubana. Wakitoka shule, walipita dukani kwa Mzee Sadalla. Juu ya meza yake kulikuwa na kalkuleta ndogo iliyotumia mwanga, bila betri. Shemeji yake ndiye aliyemletea kutoka Dar es Salaam.

"Mzee Sadalla, shikamoo," alisema Ackson. "Tunaomba tujaribu namba yetu humo. Dakika moja tu."

"Marahaba. Jaribuni, lakini msiifinye kama embe. Inatoka Japani hiyo."

Ackson alibonyeza 30031. Kidole chake kilikuwa kinatafuta alama ya kugawanya. Esnath alimshika mkono.

"Acha! Mwalimu alisema kalkuleta hairuhusiwi. Tukikamatwa tunatolewa."

"Alisema lini?"

"Alisema. Hukuwepo."

Ackson aliirudisha mezani. "Haya, mama mchungaji," alisema kwa kejeli. "Utatuombea na mvua isinyeshe."

Sekela alicheka. Esnath hakucheka. Uongo wa kwanza ulikuwa umezaa wa pili. Aliogopa ule wa tatu, kwa kuwa hakujua utakuwa mkubwa kiasi gani.

Njiani Sekela alimshika mkono. "Unajua bibi anakuja? Anatoka Kisiba kwa miguu, na goti lake lile. Amesema hajawahi kumwona mtu wa ukoo wetu akisimama mbele ya watu isipokuwa kwenye msiba. Mwalimu amenipa maneno ya mwisho. Sikiliza: 'Tumezijaribu zote arobaini, na kila moja imeacha baki.' Nimesema vizuri?"

"Vizuri," alisema Esnath.

Usiku huo hakula vizuri. Asubuhi alimwambia mama yake kwamba tumbo linamuuma. Mama alimpapasa tumbo, akamtazama machoni, akampa daftari lake. "Tumbo hili litapona shuleni," alisema.

Ijumaa ilikuwa siku ya mazoezi ya mwisho. Mvua ilinyesha tangu asubuhi na bati lilipiga kelele hadi Mwalimu akalazimika kupaza sauti. Alikaa nyuma kabisa, kwenye dawati la wanafunzi, akajifanya mtu wa shule nyingine.

"Ninyi wa Msasani! Ackson, gawanya kwa 101."

Ackson aligawanya ubaoni. Baki 34.

"Sekela, kwa 149."

Baki 82. Sekela hakukosea hata tarakimu moja.

"Esnath." Mwalimu alipitia orodha ya namba. "Gawanya kwa 47."

Aligawanya. Baki 45.

"Vizuri. Nimetosheka. Sekela, maneno ya mwisho, kisha twende nyumbani."

Esnath alielewa kwamba amepona. Hakuna aliyemuuliza, na huenda hata kesho asiulizwe. Angeweza kurudi kwenye dawati lake akakaa. Lakini Sekela alisimama katikati ya darasa, akarekebisha sweta lake la kijani lenye kiwiko kilichotoboka, akanyoosha shingo kama anamtafuta bibi yake katikati ya watu.

"Tumezijaribu zote arobaini," alianza, "na kila moja..."

"Usiseme," alisema Esnath.

Sauti yake ilikuwa ndogo na mvua ilikuwa kubwa. Sekela aliona tu midomo yake ikisogea. "Nini?"

"Usiseme hivyo. Hatukuzijaribu zote."

Alichukua chaki. Alijua kwamba akianza kueleza kwa maneno atalia, hivyo aligawanya. Aliandika 59, akaandika 30031, akafanya hesabu kwa sauti kama mtoto wa darasa la tatu. "Mara tano. Inabaki tano. Shusha tatu. Haiingii, sifuri. Shusha moja. Mara tisa." Alifika chini akaandika sifuri, akaweka chaki kwenye ukingo wa ubao.

Watoto waliinua macho kwenye ukuta, wakashusha kwenye ubao, wakainua tena.

"Kwenye daftari lako kulikuwa na baki 12," alisema Mwalimu Nsajigwa taratibu.

"Niliitunga, Mwalimu. Na ya 61, na ya 67, na ya 71. Nilikwenda kutazama video. Jumatano nikajua, nikanyamaza. Na Ackson, Mwalimu hakusema chochote kuhusu kalkuleta. Nilikuzuia mimi."

Ackson aliruka juu. "Umetuua! Siku tatu unajua, unatuacha tunaimba kama mazuzu! Mimi nimechora ile namba nusu siku, nimeanguka kwenye kiti!"

Sekela alikaa, akatazama mikono yake. Hilo lilimuuma Esnath kuliko kelele za Ackson.

Mwalimu alitembea hadi ubaoni. Alirudia hesabu ile mwenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Kisha akageuka.

"Esnath, kesho huendi jukwaani. Utakaa ukumbini na watazamaji. Na kabla hujatoka humu leo utajaribu namba zote za ngwe yako upya, ubaoni, mbele yetu. Umesikia?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na mimi nilikosea," aliongeza, na darasa likashangaa kwa sababu hakuwahi kusema hivyo. "Nilisaini bila kupima. Tena nilidanganywa na nne za kwanza. Saba ilikuwa tasa, 31 tasa, 211, 2311, nikaamini ya mbele nayo itakuwa tasa. Kuona jambo mara nne si kulithibitisha. Ackson, chukua kitambaa uifute ile namba."

Ackson alipanda kwenye kiti. Ndipo Sekela alipoinua kichwa.

"Mwalimu, subiri. Hiyo 509 je? Nayo inagawanyika?"

Mwalimu alimtazama. "Ijaribu."

Walijaribu. Haikuwa kazi ndefu, maana 23 mara 23 inavuka 509, hivyo walihitaji kufika 19 tu. Esnath alisimama ubaoni kuandika, na wengine walitaja baki kwa sauti. Mia tano na tisa ilikataa kila namba. Ilikuwa tasa. Na hamsini na tisa ni tasa.

"Basi," alisema Sekela, polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, "namba yetu tuliitengeneza kwa mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja na kumi na tatu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoigawanya, kwa sababu tuliongeza moja, lazima ibaki moja. Imevunjika, lakini imevunjika kwa namba tasa mbili mpya kabisa."

Mwalimu Nsajigwa aliinua mikono, chaki ikamdondoka.

"Rudia hayo maneno."

Sekela aliyarudia.

"Kwa hiyo hata ukichukua namba tasa nyingi kiasi gani," alisema Mwalimu, macho yamemng'aa, "ukizizidisha na kuongeza moja, ama unapata tasa mpya, ama unapata namba inayovunjika kwa tasa mpya. Haziishi! Namba tasa haziishi! Ackson, shuka. Usifute. Ongeza chini yake: ni sawa na 59 mara 509. Hiyo ndiyo namba tunayoipeleka. Tutasema kweli yake yote, pamoja na kosa letu."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Esnath alikaa nyuma, kwenye benchi, kando ya bibi yake Sekela aliyekuwa ameweka fimbo katikati ya magoti. Jukwaani walisimama Ackson na Sekela peke yao. Ackson aliandika 30031. Alipomaliza tu, mvulana mmoja wa shule nyingine, mstari wa mbele, alinyoosha mkono juu kabisa. Mkononi alikuwa na karatasi. Esnath, kutoka nyuma, aliona tarakimu zilizoandikwa kwa kalamu nene: 59. Shule ile ilikuwa imefuata njia ileile, na ilikuwa imefika mwisho wake.

"Kwanza tulidhani namba hii ni tasa," alisema Sekela, "kwa sababu zilizoitangulia zilikuwa tasa. Hatukuipima vizuri. Tulipoipima tukakuta hivi."

Akaandika 59 × 509. Mvulana alishusha mkono wake, akakunja karatasi mara mbili, akaiweka mfukoni.

Sekela alieleza yaliyobaki. Walipata nafasi ya tatu kati ya shule tisa. Bibi hakuelewa hesabu hata moja, lakini alipiga vigelegele hadi msimamizi akamwomba apumzike.

Nje, mvua ilikuwa imekatika. Esnath alimfuata Sekela.

"Nisamehe."

"Bado nimekukasirikia," alisema Sekela. "Nusura niseme uongo mbele ya bibi bila kujua. Niache nikasirike hadi Jumatatu." Kisha akampa kipande cha ndizi ya kuchoma aliyoletewa kutoka Kisiba, bila kumtazama.

Mwalimu Nsajigwa aliwakusanya wote watatu kwenye ngazi za ukumbi.

"Sikilizeni, sitasema mara mbili," alisema. "Kuacha kazi katikati si mwisho wa dunia. Mtu huchoka, mtu huvutwa na mambo yake. Ukiacha, sema nimeacha hapa, na wenzako watakusaidia kumaliza. Lakini ukisema nimemaliza na hukumaliza, umetufungia sote ndani ya nyumba mbovu, nawe umo humo pamoja nasi, wewe peke yako ukijua paa litaanguka. Esnath alifungua mlango akiwa amechelewa, lakini aliufungua mwenyewe, hakungoja usukumwe. Ndiyo maana leo tumetoka salama. Na ile taratibu yangu ya kutoingia ngwe ya mwenzako, shambani ni adabu. Katika hesabu nimeifuta."

Jumatatu asubuhi, baada ya kufagia, Esnath alimpelekea Ackson daftari lake likiwa wazi, na ngwe yake yote kumi imeandikwa upya.

"Ingia," alisema. "Pima zote."

Ackson alimtazama, akavuta kalamu, akaanza na 31. Alipofika 59 alisimama kidogo, akagawanya hadi chini, akaandika sifuri. Kisha alitoa daftari lake mwenyewe kwenye begi akamsukumia.

"Na wewe ingia kwangu," alisema. "Anza na 73."